Gari Letu: Taa ya breki ikiwaka, chungulia pedi kwanza

Mwezi huu barua za breki zimezidi zote, na karibu zote zimetoka mkoa wa Kigoma. Haishangazi. Mji umekaa kwenye miteremko, barabara ya Manyovu inapanda na kushuka, na vumbi la barabara za ndani linakula kila kitu kinachosuguana.

Nina Toyota IST. Nikikata kona kushuka kutoka Mwanga kwenda mjini, taa nyekundu ya breki inawaka kisha inazimika. Fundi alifungua boneti, akaongeza mafuta ya breki, taa ikatulia. Sasa ni wiki ya tatu na gurudumu la mbele linapiga mluzi. Mume wangu anataka kubadilisha pedi mwenyewe nyumbani. Ataweza? — Mama wa watatu, Gungu

Mama, taa hiyo ilikuwa inasema pedi zimelika, fundi akainyamazisha kwa chupa. Ndani ya kopo la fluidi, yaani hayo mafuta ya breki, kuna kiboya. Fluidi ikishuka karibu na alama ya MIN, kona moja inatosha kuilaza upande mmoja. Kiboya kinazama, taa inawaka. Na si lazima iwe imevuja. Pistoni ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ya mbele kwenye gari dogo ina kipenyo cha kama sentimita 5. Pedi mbili za gurudumu moja zikilika milimita 8 kila moja, pistoni imesogea milimita 16, na nafasi iliyobaki nyuma yake imejazwa na fluidi kama mililita 30. Magurudumu mawili ni vijiko vinne vya chakula, vimeondoka kwenye kopo bila tone kudondoka chini.

Huo mluzi ni kijibati kilichowekwa kwenye pedi makusudi ili kiguse diski pedi ikikaribia kuisha. Ukingoja mluzi ugeuke mkwaruzo, chuma kitakula chuma na utanunua diski pia. Kipimo rahisi: kitako cha chuma cha pedi kina unene wa kama milimita 5. Nyama ya pedi ikiwa nyembamba kuliko kitako chake, anza kutafuta nyingine. Ikifika milimita 3, badilisha.

Mumeo ataweza. Anunue seti ya mbele, ambayo ina pedi nne, kwa sababu magurudumu mawili ya mbele hubadilishwa pamoja hata kama moja linaonekana zima. Awe na grisi ya breki ya silikoni, chupa ndogo ya fluidi ya daraja la DOT 3, brashi ya waya, wili spana ya 21, spana za 14 na 17, klampu ya seremala, jeki na stendi mbili. Tofali la kuchoma si stendi. Linapasuka ghafla, mtu akiwa chini.

Gari likae mahali bapa (kwa Kigoma hiyo nayo ni kazi, lakini apatafute), handibreki juu, magurudumu ya nyuma yawekewe kabari mbele na nyuma. Nati za tairi azilegeze nusu mzunguko kabla ya kunyanyua. Tairi likishatoka, akate usukani mpaka kalipa itokeze. Bolti ya chini ya kalipa, mara nyingi ni ya spana 14, inafunguliwa huku pini yake ikishikwa kwa 17 isizunguke, kisha kalipa inainuliwa juu kama kifuniko cha sanduku. Akilazimika kuitoa nzima, aifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye mpira wake wa kupitishia fluidi hata dakika moja.

Hapo asiharakishe. Pedi za zamani azilaze chini kwa mpangilio uleule zilivyotoka, ya ndani na ya nje, kulia na kushoto, azitazame. Zikiwa sawa, breki ilikuwa nzima. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, pini za kutelezea zimekwama na kalipa haisogei. Pedi iliyolika mshazari, nene upande mmoja na nyembamba mwingine, ilikuwa imebanwa na kutu kwenye reli zake. Ukifunga pedi mpya bila kurekebisha hayo, zitaisha vilevile.

Kwa hiyo pini zote zichomolewe, zifutwe mpaka zing'ae, zipakwe grisi ya silikoni kidogo na kurudi kila moja kwenye tundu lake. Zipo kalipa ambazo pini moja ina kipande cha mpira kichwani, na tundu lake si la mwenzake. Grisi ya kawaida ya beringi haifai. Inavimbisha mpira wa pini, na baada ya miezi michache pini inakwama kabisa. Reli za pedi zisuguliwe kwa brashi ya waya, vibanio vya bati vilivyolika vibadilishwe. Vumbi jeusi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, maana pedi za zamani nyingine zina asbesto.

Kurudisha pistoni ndipo wengi wanapoharibu. Njia safi ni kufungua kidogo nipo ya kalipa (kile kiskurubu chenye tundu cha kutolea hewa na fluidi), mpira mwembamba ukiwa umechomekwa kuelekea kwenye chupa, halafu kusukuma pistoni taratibu kwa klampu, pedi ya zamani ikiwa katikati. Fluidi chafu inatoka nje badala ya kurudishwa juu kwenye masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) au mtambo wa ABS unaozuia magurudumu yasijifunge. Nipo ifungwe kabla ya kulegeza klampu. Ikiwa nipo imeganda kwa kutu asiilazimishe ikakatika. Afungue kopo, avute fluidi kwa bomba jipya la sindano mpaka karibu na MIN, ndipo asukume. Asipoivuta, kwa kuwa fundi wenu aliongeza, itafurika na kubabua rangi ya gari. Ikimwagika, maji mengi papo hapo. Akiona kifuko cha mpira kinachozunguka pistoni kimechanika au kina unyevu, aache kazi hapo na kutafuta ripea ya kalipa, yaani seti ya mipira yake mipya.

Diski nayo ina namba yake. Unene wa chini umechongwa ukingoni au kwenye kitovu, baada ya herufi MIN. Ikiwa imefika hapo haikerezwi, inatupwa. Mikwaruzo midogo isiyokwama ukucha haina shida.

Pedi mpya zikae zikiwa safi, zisiguswe na vidole vyenye grisi. Bolti ya kalipa kwenye Toyota nyingi ndogo inakazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 34, nati za tairi 103, kwa mpangilio wa kuvuka, si kwa kuzunguka. Kijana anayepanda juu ya wili spana na kuruka anavuta stadi za gurudumu (bolti zinazoshika nati), na siku moja zitakatika.

Baada ya kushusha gari, kabla hajawasha injini, akanyage pedali taratibu mara nyingi mpaka iwe ngumu. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Pistoni ziko mbali na pedi, na kanyago la kwanza halitashika chochote. Gari likiwa limeelekea barabarani hapo Gungu, sote tunajua litaishia wapi. Kisha apime fluidi kwenye kopo na kuijaza hadi MAX, si zaidi. Pedi azizoeshe kwenye lami tulivu: mwendo wa kilomita 60 kwa saa, apunguze mpaka 15 bila kusimama kabisa, arudie mara kumi akiachia kama nusu dakika kila mara, halafu atembee tu breki zipoe.

Vijana wa safu ya magari. Nilishuka na familia kutoka Manyovu kwa Noah, watu saba na magunia mawili ya maharage. Karibu na Mwandiga pedali ikawa laini kama nakanyaga godoro. Nilipumzika nusu saa, ikarudi. Fundi anasema masta silinda imekufa. Nikubali? — Mzee wa Buhigwe

Shikamoo mzee. Usinunue bado. Masta silinda iliyokufa haiponi kwa kupumzika nusu saa. Fluidi yako ilichemka.

Jina la "mafuta ya breki" ndilo linalotupotosha. Si mafuta hata kidogo. Ni kemikali za jamii ya glikoli, na kazi yake moja ni kutobanika ukikanyaga. Tatizo lake ni kunyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia tundu la kopo na mipira ya breki. DOT 3 mpya lazima istahimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango hicho ni 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka mlima mrefu umekanyaga breki muda wote, joto la diski linapenya pedi na pistoni mpaka kwenye fluidi. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabanika. Pedali inazama, breki hazipati msukumo. Ikipoa, mvuke unarudi kuwa maji na kila kitu kinaonekana kizima. Kuna ndugu yake tatizo hili: pedali ngumu kabisa lakini gari halisimami. Hapo fluidi iko salama, zilizopata joto kupita kiasi ni pedi.

Ili kumaliza ubishi na fundi, washa injini gari likiwa limesimama, kanyaga pedali kwa nguvu ya kawaida na uishike kwa dakika moja. Ikizama polepole na hakuna panapovuja, fundi ana haki. Ikikaa, mpe kazi ya kubadilisha fluidi yote.

Lita moja inatosha gari la familia. Kopo linanyonywa uchafu kwa bomba la sindano, linajazwa mpya, kisha kila gurudumu linatolewa upepo kuanzia lililo mbali na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Magari mengine yenye ABS yana mpangilio wao, kitabu cha gari kinasema. Mpira unaofaa ni ule mweupe mafundi ujenzi wanaopigia levo: chomeka kwenye nipo, ncha nyingine izame kwenye fluidi safi kidogo chini ya chupa. Mtu mmoja kwenye usukani, mmoja gurudumuni. "Kanyaga!" Anakanyaga na kushika. Nipo inafunguliwa robo mzunguko, fluidi inatoka, nipo inafungwa. "Achia!" Ndipo mguu unapanda. Mguu ukipanda nipo ikiwa wazi, hewa inaingia na mnaanza upya. Endeleeni mpaka rangi ibadilike kutoka ile ya kahawa kuwa ya asali nyepesi na mapovu yaishe. Baada ya kila makanyago matano kopo liangaliwe. Likikauka, hewa imeingia juu na jioni imeharibika. Kwenye gari la zamani weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni, maana ndani ya masta silinda kuna kutu sehemu ambayo pistoni haifikagi, na inachana mpira wake.

Rudia kila baada ya miaka 2, hata kama gari halitembei sana. Na mlimani, mzee, gia iliyokufaa kupanda ndiyo ya kushukia. Kwa otomatiki shusha kwenye 2 au L, breki uzikanyage kwa vipindi vifupi vyenye nguvu, si kuziegemea njia nzima.

Nimebadilishiwa pedi za mbele Kasulu. Tangu siku hiyo pedali inashuka sana, lakini nikiikanyaga mara mbili haraka inapanda. Nifanyeje? — Dereva wa Corolla

Inategemea inavyokujibu mguuni. Ikipanda kwa kanyago la pili na kuwa ngumu kama jiwe, hakuna hewa. Shuu za nyuma (pedi zenye umbo la mwezi mchanga) ziko mbali na dramu (bakuli la chuma zinalolisugua), na kanyago la kwanza linaishia kuzisogeza. Fundi azikaze kwa kale kagurudumu ka meno kalicho ndani ya dramu, mpaka gurudumu likizungushwa kwa mkono shuu ziguseguse kidogo tu, halafu arudishe meno kadhaa. Apime pia dramu: mwisho wake wa kulika umeandikwa juu yake, mara nyingi ni milimita 1 zaidi ya kipenyo cha awali.

Ikipanda lakini inadunda kama mpira, kuna hewa, toa upepo. Na kama pedi za mbele hazikukaa sawasawa kwenye reli, pedali nayo inakuwa ndefu, kwa hiyo mwambie afungue tena atazame.

Naweza kuchanganya DOT 3 na DOT 4? — Kijana wa Ujiji

Unaweza, na hata 5.1, zote ni jamii moja. Ila ukichanganya usitegemee uwezo wa ile iliyo bora. DOT 5 tupu ni silikoni na haichangamani nazo, usiiguse. Fuata maandishi ya kwenye kifuniko cha kopo. Jambo kubwa zaidi ni chupa yenyewe: ukikuta dukani chupa iliyofunguliwa na kuzibwa kwa nailoni, iache, hata ukipewa bure. Imeshakunywa hewa ya ziwani miezi mingapi, nani ajuaye. Nunua ndogo yenye sili, na inayobaki baada ya kazi usiiweke kwa ajili ya mwakani.

Gari linavuta kushoto nikikanyaga breki, na rimu ya mbele kushoto inakuwa ya moto. — Mwalimu, Kibondo

Mwalimu, gurudumu la kushoto haliachii. Usilipime kwa kiganja. Nyunyizia matone ya maji kwenye rimu zote mbili baada ya safari, linalochemsha maji ndilo lenye kesi. Nyanyua, jaribu kulizungusha. Likikataa, fungua nipo ya gurudumu hilo. Likiachia mara fluidi inapotoka, shinikizo lilikuwa limenaswa, na mshtakiwa wa kwanza ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani: unapitisha fluidi ikienda, unaizuia ikirudi. Kwa nje mpira huo unaweza kuonekana mpya. Nipo ikifunguliwa na gurudumu bado limeshika, ni pistoni yenye kutu au pini zilizokwama.

Rimu ya kushoto ingekuwa baridi na gari bado linavuta kushoto, tungekuelekeza kulia, kwamba huko ndiko breki haifanyi kazi.

Huku mwisho wa reli tunauziwa pedi za kila aina. Nitajuaje nzuri? — Mama mfanyabiashara, Kibirizi

Boksi lisikudanganye, mama, maboksi yanachapwa. Nenda na pedi ya zamani, ilinganishe kitako kwa kitako, masikio na matundu. Namba za pedi za mbele za Toyota huanza na 04465, za nyuma 04466, na shuu za nyuma 04495. Tarakimu za baada ya hapo ndizo za gari lako, na zinapatikana kwa namba ya chesisi. Kagua ukingo wa pedi: nyingi zimeandikwa msimbo unaoishia na herufi mbili, kama FF au GG. Ya kwanza ni ushikaji pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni dhaifu, F ni ya kawaida, G inashika zaidi. Pedi yenye FE inapungua nguvu ikipata joto, na kwa barabara ya Manyovu tusingeifunga. Nyama ya pedi ikiwa na ufa au imeanza kuachana na kitako, rudisha. Pedi za mtumba hatuzishauri kabisa.

Fluidi iliisha njiani, msamaria akanipa mafuta ya haidroliki mekundu nikaongeza kidogo. Wengine walisema ningetia maji ya sabuni. Gari linatembea vizuri. Nina wasiwasi wa bure? — Msomaji, Uvinza

Una wasiwasi wa haki. Usiliendeshe tena. Kila mpira ulio ndani ya breki umetengenezwa kuishi na glikoli. Ukikutana na mafuta ya petroli, haidroliki au injini, unavimba. Fungua kifuniko cha kopo utazame kile kipande cha mpira kilicho ndani yake: kikiwa kimelegea, kimekuwa kikubwa na hakirudi vizuri mahali pake, mafuta yameshafanya kazi. Uthibitisho mwingine ni kijiko kimoja kutoka kwenye kopo ndani ya glasi ya maji. Fluidi ya breki inayeyuka, mafuta yanaelea.

Ikiwa mpira wa kifuniko bado mzima na pedali haikukanyagwa tangu uongeze, kopo kulinyonya na kulisafisha kunaweza kutosha. Wewe umeshaendesha. Mabomba yasafishwe, na kila chenye mpira kibadilishwe: masta silinda, ripea za kalipa, silinda za magurudumu ya nyuma, mipira yote minne ya breki. Ni gharama kuliko gari kuvutwa mpaka Kigoma. Maji ya sabuni hayavimbishi mpira, lakini yanachemka kwenye nyuzi 100 na kuotesha kutu ndani ya silinda, kwa hiyo nayo hayana nafasi. Na kabla ya yote hayo tafuta fluidi ilikotokea. Vua magurudumu ya nyuma, fungua dramu, vuta ukingo wa kifuko cha mpira cha silinda. Kukiwa na fluidi ndani, ndipo ilipovujia, na shuu zilizolowa hazioshwi, zinatupwa.